Kwa Kicheko

Mama Shuka alikuwa dobi wa nyumba ya wageni chini ya mlima, na hakuna aliyeutazama mlima ule kama yeye. Wenzake walilalamika: mto unakauka, mvua hazina adabu tena, theluji ya kileleni imebaki kiraka. Yeye kila barafu ilipopungua alijisemea, bado kidogo.

Mumewe alikuwa mpagazi, mtu wa kucheka hata akiwa na mzigo mgongoni, wakamwita Kicheko. Siku moja alipanda, asishuke. Wenzake walisema ametumbukia kwenye ufa wa barafu, na tangu hapo wapagazi wakapaita mahali pale Kwa Kicheko. Ramani inapaita kwa jina lingine, la mgeni fulani, halitamkiki hata ulimi uupake mafuta. Lakini kinywa ni jumba la maneno. Majirani walinong'ona kwamba Kicheko aliteremkia upande wa pili wa mlima, na hakuteremka peke yake.

"Lisemwalo lipo," walimwambia, "kama halipo, laja."

"Laja lini? Mume wangu yumo kwenye barafu. Ikiyeyuka mtamwona, na midomo yenu mtaiweka wapi?"

Akanunua shuka jeupe la kumzikia. Kila mwaka alilitoa kabatini, akalifua, akalipiga pasi, akalirudisha. Jina la Mama Shuka lilitoka hapo.

Mwaka huu kiangazi kikapitiliza. Shemeji yake, mdogo wa Kicheko, anayeongoza wapanda mlima, akarudi jioni na vumbi viatuni. Zamani alirudi na matope. Akaketi, chai asiiguse.

"Shemeji, Kwa Kicheko barafu imekwisha. Ni mawe matupu."

"Na yeye?"

"Nimepekua kila ufa. Hamna mfupa, hamna hata kiatu."

"Labda maji yamemchukua."

"Maji yale, shemeji, hayabebi hata ndala."

Mama Shuka aliinuka. Kumbe miaka yote ile alikuwa akimwombea mumewe awe maiti, na hata hilo amenyimwa. Aibu ilimuuma kuliko wivu.

Akafungua kabati, akatoa shuka, akaenda kulitandika kwenye kitanda cha mgeni atakayepanda kesho.

"Mtapitia wapi?" akauliza, akilinyoosha pembe.

Shemeji, aliyemfuata, alisita mlangoni, akatafuta jina lingine, asilipate.

"Kwa Kicheko," akasema.