Saa Kumi na Nne za Shemeji Kilomita

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, aliwakatia watu tiketi za ndege kwa miaka ishirini na sita, na yeye mwenyewe hakuwahi kupanda hata moja. Mezani kwake palikuwa na tufe la dunia na uzi wenye mafundo. Kila fundo ni saa moja ya kuruka. Mteja akitaja mji, huuvuta uzi juu ya tufe, akahesabu, akatoa jibu. Kompyuta zilipoletwa, zilimuunga mkono tu. Mtaa mzima ulimwita Kilomita, na neno lake kuhusu safari halikuwa na rufaa.

Mume wangu alipofariki, mwanangu wa kwanza alikuwa akiishi ng'ambo. Kilomita alimtafutia kiti siku hiyohiyo, kisha akawatangazia waombolezaji chini ya turubai: "Kilomita elfu saba na mia mbili. Saa tisa angani, tano za kusubiri ndege ya pili. Jumla kumi na nne. Kesho asubuhi kijana yupo hapa, alasiri tunazika."

Asubuhi ndege ilitua. Mwanangu hakuwamo, na simu yake ilikuwa imezimwa.

Nilimvuta Kilomita jikoni. "Shemeji, waambie njia ni ndefu. Siku tatu."

"Shemeji, jana nimewaambia saa kumi na nne kwa mdomo wangu."

"Sema ulikosea. Haitasemwa kwamba mtoto wa nyumba hii amemtupa baba yake."

Alinitazama, akafunga kifungo cha juu cha shati, akatoka.

"Nilikosea hesabu," aliwaambia. "Safari ile ni ya siku tatu. Kijana yuko njiani, hatawahi."

Fundi cherehani, jirani yetu asiyejua kufunga mdomo, akadakia. "Ala, Kilomita! Jana saa kumi na nne, leo siku tatu? Dunia imevimba usiku?"

"Imevimba," akajibu.

Watu wakacheka, mume wangu hata hajazikwa.

Wiki moja baadaye mwanangu alipiga simu. "Mama, kazi zilinibana." Hata uwanja wa ndege hakukanyaga. Sikumwambia mtu.

Kazini, mzaha ule ulifika kabla ya Kilomita. Wateja wakahamia dirisha la pili, wakisema yule mzee siku hizi anabahatisha. Mkuu wa ofisi akampeleka chumba cha nyuma kugonga mihuri kwenye bahasha. Miaka minne aliigonga, na hakuwahi kujitetea.

Siku ya kumuaga alipostaafu, mkuu alisema mbele ya wafanyakazi wote: "Zamani alikuwa hodari. Baadaye hesabu zilimponyoka, hata msibani kwa kaka yake. Ndiyo uzee."

Nilikuwa ndugu pekee mle ukumbini, kiti cha mbele. Kilomita aligeuka, akanitazama kama siku ile jikoni, akingoja.

Nikapiga makofi pamoja na wenzangu.