Mapanga Mawili ya Mpira

Pale gatini walimwita Mama Pampu, na jina lilimkaa mpaka mumewe naye akawa analitumia nyumbani. Kabla ya kuingia kwenye injini za boti alihudumia mashine za kufulia za hospitali kwa miaka kumi na miwili, akahangaika na mabomba yaliyoziba kwa chokaa na wauguzi waliotaka mashuka yao tangu jana. Alikuwa mtu wa maneno machache, asiyependa kuharakishwa.

Asubuhi moja walimjia wateja wake wa siku nyingi: mwalimu mstaafu wa hesabu na mkewe, aliyekuwa mkunga. Boti yao ya tanga ilikuwa na injini ndogo ya dizeli chini ya ngazi ya kushukia chumbani, na injini hiyo ilikuwa inachemka. Wakiiwasha, nusu saa haiishi mshale wa joto unapanda, king'ora kinalia, wanazima na kubaki wakitegemea upepo.

"Tatizo ni huyu bwana," mkunga alisema hata salamu hazijaisha. "Anaikamua injini kama anakimbizwa. Miaka miwili namwambia apunguze mwendo, ni kama naongea na ukuta."

"Mimi naenda mwendo wa kobe," mwalimu alijitetea.

"Kobe gani anachemsha maji?"

Mama Pampu alicheka chinichini, akaondoa ngazi, akapiga magoti. Alianzia pale maji ya bahari yanapoingilia. Koki ilikuwa wazi. Kwenye chujio mlikuwa na uzi mmoja tu wa mwani. Akafungua pampu na kutoa impela, kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji: mapanga yake yote sita yalikuwepo, laini, bila ufa. Themostati, vali inayofunguka maji yakipata moto, akaitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya moto hapo hapo jikoni mwa boti, ikafunguka vizuri.

"Si nilisema? Mashine nzima, dereva mbovu," mkunga alisema.

Mwalimu alikuwa amekaa pembeni anakunjakunja kofia yake, na Mama Pampu akaona jinsi mzee wa watu alivyokwisha kuzoea kulaumiwa. Hapo ndipo alipokumbuka. Impela ile aliiweka yeye mwenyewe, miaka miwili nyuma. Ya zamani ilitoka na mapanga manne tu. Siku hiyo binti yake alikuwa leba, simu inaita kila baada ya dakika tano, naye akajiambia kuwa yale mawili yaliyokatika yameshatoka na maji kwenye ekzosi. Hakuyatafuta.

Akafungua kifuniko cha kipozeo, silinda ya shaba yenye vijibomba vyembamba ambamo maji ya bahari hupita na kuchukua joto la injini. Midomo ya vijibomba ilikuwa imeganda chumvi ngumu, nyeupe, na katikati yake vilijibana vipande viwili vyeusi vya mpira.

Wenzake hawakuona; mgongo wake ulikuwa umewaziba. Angeweza kuvifunga kwenye kitambaa, akasema ni chumvi, na usingekuwa uongo mtupu. Alivishika kidogo. Kisha akageuka akaviweka mezani.

"Mwalimu, nisamehe. Kosa ni langu, si lako." Akawaeleza yote, pamoja na ya binti.

Mkunga akakiokota kipande kimoja, akakigeuza.

"Mtoto wake wa kwanza?"

"Wa kwanza."

"Ungeniuliza mimi! Uchungu wa kwanza hauna haraka; ningekwambia una muda wa kutafuta mapanga hata kumi."

Mwalimu ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akafuta macho. Mkewe hakumwomba radhi kwa maneno, lakini chai ilipochemka kikombe cha kwanza alimpa yeye, na akamkorogea sukari.

Kazi ilichukua siku nzima. Mama Pampu alivilaza vijibomba kwenye siki mpaka chumvi ikalegea, akapitisha brashi ndani ya kila kimoja, akabadilisha kipande cha zinki kilicholiwa na chumvi pamoja na gasketi zote mbili za kuzuia maji kuvuja, akajaza maji ya injini polepole ili yasibaki na hewa. Alasiri wakaiwasha. Ekzosi ikatema maji kwa nguvu, na wakazunguka bandarini saa nzima mshale ukiwa umetulia tuli.

Siku iliyofuata alifungua daftari lake la kazi. Alijua haikuwa mara ya pekee kujiambia kuwa mapanga yaliyokatika yameshatoka na maji. Akapata boti tatu, akawapigia wenyewe simu. Wawili walimwambia aje Jumatatu. Wa tatu alikuwa ameshauza yake, akamtafutia namba ya aliyeinunua.