Siku Niliyochomoa Feni ya Projekta

Mie ndiye niliyewakimbiza watu wa ukweni kwangu kwenda kumwokoa mbuzi ambaye wala hakuwa na shida. Chekeni tu, maana hata mke wangu Neema siku hizi akikumbuka anacheka mpaka anashika ukuta (siku yenyewe hakucheka hata kidogo).

Ilikuwa send-off ya mdogo wake, Upendo, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, nyumbani kwao Madale. Mama yao alifariki Upendo akiwa bado sekondari, na kitu pekee kilichobaki chenye sauti yake ni kavideo ka dakika tatu, mama anachambua mchele huku anamtania Upendo anayemrekodi. Upendo akaniomba, "Shemeji, nataka mama awepo siku yangu. Wakwe zangu wamwone." Mtu mwenye akili angekodi projekta. Mie nikasema nitaitengeneza, kwa sababu nilishaona mtandaoni watu wanavyofanya na tangu hapo nilikuwa sina raha, najiuliza, hivi kweli taa, lenzi na kioo cha laptop mbovu vinaweza kutoa picha ukuta mzima?

Vinatoa, jamani! Laptop yangu ya zamani nikaivua kioo, nikabandua karatasi za nyuma ili mwanga upite. Lenzi nikajaribu tatu, ya kwanza ikatoa ukungu mtupu, ya pili ikawa safi katikati na pembeni imepinda, ya tatu ndiyo ikakubali, ila picha ikatoka kichwa chini, nikageuza kioo, ikakaa sawa, nikapiga vigelegele peke yangu sebuleni. Taa nilinunua Kinondoni kwa Mzee Nassor, muuza vifaa vya umeme, nikachagua ya wati mia kwa kuwa nilijua kubwa ndiyo nzuri. Mzee akaniangalia. "Hii ina moto, mwanangu. Iwekee feni, tena feni ya maana." Nikavipanga vyote ndani ya boksi, nikaweka na feni ya maana, ikawa inanguruma kama mashine ya kusaga.

Siku ikafika, kigiza kimeingia, MC akatangaza, nikawasha. Mama akatokea kwenye shuka jeupe, uso mkubwa kama mlango, wageni wote wakaguna kwa mshangao. Ila sauti yake imemezwa na feni (nilikuwa nimekataa spika za MC, nikitaka kila kitu kitoke kwenye boksi langu). Baba mkwe wangu, aliyekaa karibu, akainama, mkono sikioni. "Anasema nini?"

Nikamwonea huruma. Nikajiuliza, nikichomoa feni kwa dakika tatu tu itakuwaje? (Hii "itakuwaje" ndiyo inaniponzaga.) Nikachomoa. Kimya kikaingia na mama akasikika: "Upendo, acha kunirekodi, njoo unisaidie huu mchele." Upendo akajifuta machozi, baba mkwe akatabasamu, na mie nikakunja mikono kifuani, nimevimba kichwa.

Doa jeusi likatokea pembeni mwa picha, likatambaa hadi kwenye paji la uso wa mama. Badala ya kuzima, nikainama nichungulie linavyosambaa! Harufu ya kuungua ikapanda, na shangazi yao akapiga kelele, "Jamani, ndafu inaungua!"

Ndafu ndiyo yule mbuzi mzima wa kuchoma wa kuwakabidhi wakwe, na kumuunguza mbele yao ni aibu ya ukoo. Kina mama wakakunja vitenge wakatimka uani, viti vikapinduka, MC naye kwenye maiki, "Okoeni ndafu!" Shangazi akarudi anahema na ndoo ya maji. "Mbuzi mzima kabisa! Ni boksi la huyu!" Wakwe wote wakanigeukia, mie nimeliinamia boksi nachomoa waya, moshi unanitoka kwapani.

Lakini kilichoniumiza ni baba mkwe. Alinishika mkono. "Mama yenu ameungua pamoja na video?"

"Hapana, baba. Ipo kwenye simu ya Neema."

Akapewa simu. Akaiweka karibu na uso, Upendo akaegemea bega lake, na mama mkwe wa Upendo akasogeza kiti aone. Wakaitazama mwanzo hadi mwisho, wakairudia. Mzee akaniinulia macho. "Mwanangu, mbona humu anaonekana vizuri tu?"

Boksi nililitupa usiku uleule. Nimeapa, la kujaribu nitajaribia kwangu, mlango umefungwa, na kwa kitu ambacho nikikiharibu hakuna atakayelia.