Kurasa Alizochomoa Jenifa

Bertilla alikuwa mtu wa kusoma kwa kidole. Alifundishwa ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima. Mwalimu alimwambia aondoe kidole kwenye mstari, akakataa, na mpaka nywele zimekuwa nyeupe kidole hakijaondoka. Ukurasa mmoja ulimchukua muda wa maharage kuiva. Lakini ukimwambia, "Lete nikusomee," umejitafutia ugomvi.

"Sijapofuka," atakujibu. "Na wewe hukunizaa."

Nyumba yake iko nje kidogo ya Mwimbi, ile yenye vihenge viwili vya nafaka uani. Kimoja cha kula. Kingine cha Mathias.

Mathias ni mwanawe wa pekee. Aliteremka Kabwe kuvua, akaingia ziwani na wenzake jioni ya upepo, na kulipokucha mtumbwi ulionekana umelala kifudifudi. Wenzake waliopolewa wakiwa maiti. Yeye hakuonekana. Hapo ndipo Bertilla aliposhikilia: hakuna mwili, hakuna msiba. Ndugu wa ukoo walikuja kumwambia matanga yawekwe, akawafukuza na mwiko mkononi. Tangu hapo kila mavuno anamtengea mwanawe ulezi, anaumimina kwenye kihenge kile, anaziba mdomo wake kwa udongo. Ulezi wadudu hawaugusi, unakaa miaka. Akirudi atakuta chakula chake.

Mke wa Mathias, Jenifa, alibaki pale pale. Si mke, si mjane. Flavian, seremala wa pale Mwimbi, alishasema wazi kwamba anamtaka, lakini katekista alimrudisha: ndoa haifungwi kanisani wakati mama wa mume anasema mume yu hai. Jenifa hakuligusa jambo hilo mbele ya mkwewe hata siku moja. Alilima, alipika, alinyamaza. Bertilla alilijua, kwa sababu kijiji kizima kililijua, na yeye pia akanyamaza.

Kitabu kililetwa na Kulsumu, mwenye duka la nafaka Sumbawanga mjini, anayekuja na lori kununua maharage.

"Shikamoo mama," alisema. "Nasikia unasoma. Hiki nimekimaliza, kimeniliza. Nitakichukua nikija tena."

Jalada lilikuwa limebanduka. Bertilla akakivika gazeti, na wakawa wanakisoma wakati wa kupukuchua mahindi, yeye, Jenifa na jirani yao Salome. Jenifa ndiye aliyesoma kwa sauti, maana alimaliza darasa la saba, na wazee wawili mikono yao ikiwa kwenye magunzi. Sharti lilikuwa moja: hakuna kusoma mbele peke yako. Anayejua yajayo anaharibu maongezi.

Riwaya yenyewe ilikuwa ya mama mmoja ambaye mwanawe alikwenda machimboni, shimo likaporomoka, na mama kila jioni anamwekea sahani yake mezani.

"Huyu mama ananichosha," Salome alisema. "Sura nzima sahani, sahani. Hana shamba?"

"Ana akili kukuzidi."

"Akili gani? Watu wamemwambia shimo limeanguka. Anasubiri shimo lije limwambie lenyewe?"

"Walimwonyesha maiti?"

"Sasa, Mama Mathias, mlima umemkalia mtu, wamwonyeshe nini? Kokoto?"

Jenifa alicheka, kisha akakumbuka mahali alipo, akafunika mdomo.

"Wewe unapenda kule mwanzo tu," Bertilla alisema, "walipokuwa wanasengenyana harusini."

"Kule kulikuwa kutamu. Mwandishi angebaki harusini tungekula pilau." Salome akatupa gunzi. "Haya, na msomaji wetu? Kila siku anatusomea, maoni hatoi."

"Mimi nasoma tu, mama."

"Sema," Bertilla alimwambia.

Jenifa aliangalia ukurasa. "Mimi namtafuta yule mkewe. Kwenye sura ya pili alipita amebeba maji. Tangu hapo simwoni."

Mahindi yaliendelea kudondoka kwenye ungo.

Walipofika karibu na mwisho Bertilla alikichukua kitabu mikononi mwa mkwewe. "Sura ya mwisho nasoma mwenyewe," alisema. "Sitaki kulishwa mwisho kama mtoto uji." Akakiweka dirishani, akaenda shamba.

Jenifa alibaki anasonga ugali. Kitabu kilikuwa kinamtazama. Sharti alilijua, lakini alikifungua, akasoma amesimama, mpaka mstari wa mwisho. Mtoto anarudi. Yule mama aliyengoja, mwanawe anarudi.

Akauona mbele yake ule ulezi unavyoongezwa kihengeni, mavuno kwa mavuno, mpaka na yeye awe na mvi. Mama akisoma haya, basi tena. Akazichomoa zile karatasi. Alizipeleka motoni, mkono ukakataa, kwa sababu ni kitabu cha watu. Akazikunja, akazitia ndani ya mfuko wa mbegu za maharage.

Kesho yake jua lilikuwa kali na upepo wa baridi, ule wa Ufipa wa mwezi wa sita unaopasua midomo. Bertilla aliketi kando ya ukuta kwenye kigoda na kitabu chake. Salome na Jenifa walikuwa wanapepeta. Kidole kilitembea, kilitembea, halafu kikasimama. Bertilla akageuza, akaona uzi wa kitabu unaning'inia.

"Jenifa."

"Abee mama."

"Mwisho uko wapi?"

Salome akadakia. "Labda panya."

"Panya gani anayekula mwisho, mwanzo anaacha? Kasoma naye?"

Jenifa aliweka ungo chini. "Nimezichomoa mimi, mama."

"Kwa nini?"

"Anarudi. Yule mtoto. Nikaogopa."

"Ukaogopa nini?"

Miaka yote ile hajawahi kumjibu mkwewe ana kwa ana. Siku ile alimjibu, maneno yamenyooka. "Nitazeekea hapa, mama. Namngoja mtu wa kitabuni."

Salome aliinuka taratibu, anatafuta kandambili zake.

"Kaa," Bertilla alimwambia bila kumtazama. "Mwanzoni ulikuwepo, na mwishoni utakuwepo. Na wewe, lete hizo karatasi."

Alizisoma mpaka kivuli cha nyumba kikamfikia miguuni. Wenzake waliendelea kupepeta mahindi yaliyokwisha kuwa safi. Mara mbili alirudi nyuma, akasoma upya. Alipomaliza alizigeuza, akaangalia na upande wa pili kama kuna kilichobaki.

"Kaja na basi," alisema. "Kanenepa. Viatu vinang'aa. Mama kampakulia, kala, wamecheka. Kimekwisha."

"Si ndivyo ulivyotaka?" Salome aliuliza kwa upole. "Arudi?"

"Nilitaka. Lakini hakumshika. Mama gani huyo? Mtoto anaingia mlangoni, yeye anakimbilia sufuria. Mimi ningemshika kwanza. Ningetafuta kovu la jembe mguuni kwake, nijue ndiye. Huyu mwandishi hajapoteza mtu. Kaandika kurudi kama mtu katoka sokoni."

"Ni hadithi, mwenzangu."

"Na mke?" Bertilla aliinua karatasi. "Nimemtafuta. Hayumo. Kijana hakuuliza hata mke wangu yuko wapi. Mama naye hakumwambia. Wamemsahau wote, na aliyewaandika kamsahau."

Jenifa alijifunika uso kwa khanga.

"Kitabu kibaya," Bertilla alisema. "Uongo. Watu hawarudi hivyo." Akazilaza karatasi magotini. "Hawarudi."

Alikuwa amekwenda Kabwe siku zile. Aliwaona wale walioopolewa wamelazwa mchangani, akaona maji yalivyowafanya, mmoja baada ya mwingine, akapanda mlima kurudi nyumbani anasema wangu hayumo. Alijua siku ile ile. Njia nzima alijua.

Aliingia ndani, akatoka na sindano ya gunia na uzi, akazishona zile karatasi mahali pake, kushona kwa nguvu kwa mtu anayeshona gunia. "Kulsumu atakuta kitabu chake kizima," alisema. Kisha akachukua panga, akaenda kwenye kihenge cha Mathias, akaanza kubomoa udongo wa mdomo wa chini, wa kutolea.

"Mama, unafanya nini?"

"Lete beseni kubwa. Huu tuuloweke leo uote kimea. Pombe ya matanga ya mwanangu haitengenezwi na ulezi wa kununua." Akaendelea kubomoa. "Salome, utapita kwa katekista, aombe misa. Halafu wale wa ukoo niliowafukuza. Waambie waje."

Salome alisimama, mikono haijui ikae wapi. "Pole, Mama Math..." Akakatiza.

"Malizia," Bertilla alimwambia. "Jina hilo hamlichomoi."

Udongo ulianguka. Akatumbukiza mkono mpaka begani, akatoa ulezi wa chini kabisa, wa mavuno ya kwanza, akaufungulia kiganja juani. Ulikuwa mwekundu, mkavu, hauna hata mdudu mmoja. Kisha akaumimina kwenye beseni, na Jenifa akapiga magoti upande wa pili, akamwagia maji.