Wimbo wa Wanawake Langoni mwa Mgodi

Mwanamke mmoja Mwaustralia alikuja parokiani kwetu ughaibuni, Laeken, Jumapili moja baada ya misa, amekumbatia bahasha ya karatasi za muziki. Alikuwa mwalimu wa piano, akiishi Koekelberg, na kwa miaka mitano alikuwa akitunga mchezo wa kuigiza wa nyimbo kuhusu mji wa machimbo alikozaliwa. Alitafuta waimbaji. Mimi ndiye niliyeongoza kwaya, nikakubali haraka mno, maana nami ni mtoto wa machimbo, wa Kolwezi.

Hakujua kutulia. Kila wiki alifika na kurasa mpya. Wimbo tuliokwisha kuushika, anaubadili. Alizunguka mbele yetu akitafuna kalamu, mpaka akatuambukiza. Nyumbani nilipiga midundo mezani hadi mume wangu akaninyang'anya kijiko.

Wimbo mmoja tu haukuguswa: wa wanawake wanaosubiri langoni mwa mgodi baada ya king'ora kulia. Ulikuwa mtamu, mtamu mno kwa mahali pale. Mwezi mmoja kabla ya onyesho nikamwambia.

"Pale hawaimbi. Siku shimo lilipoporomoka kwetu, mama yangu alisimama langoni tangu asubuhi hadi jioni. Baba alitoka mzima, wa jirani hakutoka. Hakuna mwanamke aliyefungua kinywa."

"Huo ndio wimbo wangu bora, Maman!" Akafunga piano, akaondoka.

Siku tatu hakupokea simu. Siku ya nne alirudi, macho mekundu, akasema tuuondoe. Tutasimama kimya dakika mbili.

"Bon, Maman," akauliza mmoja wa waimbaji wangu, "donc tutasimama tu pale kama miti?"

"Kama miti."

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumamosi alasiri. Baba wa yule Mwaustralia, mchimbaji mstaafu, alikuwa amesafiri kutoka Australia, akaketi safu ya mbele na suti iliyombana mabega. King'ora kikalia. Tukasimama. Watu wakakohoa, mmoja akacheka, akidhani tumesahau. Ndipo yule mzee akainuka na kutoka nje.

Tulipomaliza tulimkuta kwenye kituo cha tramu, kofia mkononi. Alizungumza kwa muda mrefu, binti yake akanifasiria polepole. Mdogo wa mzee alifia mgodini, na nyumbani kwao hakuna aliyewahi tena kulitaja jina lake. Ule wimbo aliusikia kwenye simu, binti yake akiupiga. Alisafiri kuufuata.

"Ukimya ninao wa kutosha," alisema.

Jioni ile nilimpigia mama Kolwezi, nikamwuliza kama angetaka wimbo siku ile pale langoni.

"Wimbo gani?" akasema. "Nilikuwa nahesabu wenye walikuwa wanatoka."

Jumapili, onyesho la pili, tuliuimba. Mzee alilia bila kujifuta, nami nilimkasirikia, kisha nikajikasirikia mwenyewe. Baadaye akanishika mkono, akanitajia jina la mdogo wake. Nikalitamka vibaya. Akanisahihisha, nikarudia.

Mwaustralia alirudi kwao mwaka uliofuata, na mchezo ukaonyeshwa huko, wimbo ukiwemo. Kama nilikosea, sijui. Ninapoongoza kwaya nafika mahali pa kunyamaza, mdundo mmoja tu, na siku hizi naupita mbio. Waimbaji wananitazama, hawajui waingie lini.