Kitako cha Mkono wa Kushoto

Baba yangu alipopoteza jicho la kulia hakulia wala hakumlaumu daktari. Tulikuwa bado kwenye benchi la hospitali, mimi napekua mkoba nikitafuta leso ya kujifutia machozi yangu mwenyewe, yeye akauliza kama bunduki inaweza kutengenezwa ya mtu wa mkono wa kushoto. Nikamwambia, "Baba, haki, hata chai hatujakunywa." Akasema chai haiendi popote.

Bunduki aliyoitaka ni gobori. Maisha yake ya kazi yote alikuwa askari wa wanyama pori, na alipostaafu akarudi Kibera, kwenye nyumba aliyojenga babu karibu na Ayany, akajiunga na klabu ya wazee wanaolenga shabaha kwa silaha za kizamani. Gobori unalilisha kupitia mdomo. Unamimina baruti, unaweka risasi ya mviringo iliyofungwa kitambaa, unashindilia kwa ufito mrefu unaoitwa mdeki, ndipo unalenga. Ukishafyatua mara moja unaanza upya. Wanapigia nje ya mji, kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, na bunduki zenyewe hulala kwenye stoo ya klabu, chini ya kufuli na leseni zake. Hakuna mzee anayerudi nayo nyumbani, na kwa hilo mimi nilishukuru sana.

Mama alipofariki, klabu ile ndiyo iliyobaki kumfanya baba anyoe ndevu. Siku nyingine zote angekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, akijibu salamu za wapita njia kwa kidole. Sasa msimamizi wa uwanja alikuwa ametangaza kwamba kila mzee atapigishwa shabaha mbele yake kabla ya majina kuandikwa upya, na asiyeweza kuweka risasi zake kwenye kadi ya shabaha atatolewa.

"Wakinitoa nitakaa na nani?" baba akaniuliza.

"Na mimi ni nani? Ukuta?"

"Wewe una kazi."

Lilinichoma, lakini ni kweli nina kazi. Nashona mapazia pembeni mwa Soko la Toi, na wateja wa mapazia hawana subira hata kidogo.

Mwanachama mmoja alikuwa anahamia kwa watoto wake ng'ambo, akawa anauza magobori yake matatu. Nikampeleka baba kuchagua. La kwanza lilikuwa na nakshi za fedha na mbao iliyong'aa, nikalipenda papo hapo. Baba akalinyanyua, akalirudisha mezani.

"Hili ni la kupigia picha," akasema.

La pili lilikuwa jepesi, nami nikadhani mzee wa umri wake angefurahi. Akaniambia nyepesi inafuata kila kitetemeko cha mkono, nzito ndiyo inayotulia. La tatu, jamani, lilikuwa baya. Mtutu mnene kama bomba la maji ya mtaa, mbao imepasuka, na kitako kimechongwa kwa shavu la kulia. Baba akazungushia mdeki kitambaa, akausukuma ndani polepole huku amefumba macho. Ndani ya mtutu kuna mifereji inayojizungusha, ndiyo inayoipa risasi mzunguko ili isipotee njia, na yeye alikuwa anaisikiliza kwa vidole. Akarudia tena na tena mpaka mwenye bunduki akaanza kuangalia saa.

"Inashika sawasawa toka mdomoni mpaka mwisho," akasema. "Nachukua hii."

"Na kitako?"

"Mbao ni mbao. Itachongwa nyingine."

Makaratasi ya leseni yalifuata mwendo wake, ambao si mwendo wa mtu mwenye haraka. Mtambo wa kufyatulia na mtutu vingeshughulikiwa na fundi wa klabu hukohuko kwenye stoo, lakini mbao alituachia sisi, na mimi nilikuwa na seremala wangu Kawangware, kijana anayenichongea maboksi ya pazia. Mkono wake ni msafi na bei yake haina kelele. Sikuwa nimefikiria kitu kimoja: ndani ya kibanda chake anatengeneza vitanda, lakini nje, barabarani, ameyapanga majeneza.

Baba aliyaona kabla hajamwona fundi. Kijana naye akatoka mbio, tepu shingoni, uso umejaa tabasamu. "Sasa mzee! Niaje? Simama hapo nikupime mkono."

Baba akarudi nyuma. "Huyo hanipimi."

"Ni mkono tu, mzee wangu. Si kitu."

"Nasema hanipimi! Mtu wa kazi hii akikupima, amekupima." Kisha akanigeukia mimi, hasira zake zote zimehamia kwangu. "Na sisi hata kwenye jeneza hatuzikwi. Huyu ananipima nini mimi?"

Kwetu maiti inabebwa kwenye jeneza la msikiti, inateremshwa kaburini na sanda yake, na jeneza linarudi kumngoja mwingine. Mambo ya kupimwa urefu na seremala hayapo. Nilijaribu kumbembeleza, akajitia hamnazo, akasimama kule ng'ambo ya barabara akitazama mahindi ya kuchoma. Fundi akacheka, akasema si yeye wa kwanza, hata wateja wa vitanda kuna wanaokataa tepu yake.

Basi nikasema nipime mimi. Tangu nikiwa mdogo naambiwa nimechukua mikono ya baba, vidole mpaka kucha. Urefu wa kitako hupimwa kutoka kwenye kunjo la kiwiko mpaka kidole cha kufyatulia, na fundi akapima hivyo, mkono wa kushoto. Halafu akanipa fimbo ya ufagio nishike kama bunduki ili aone shavu linakaa wapi. Nikasimama pale na buibui langu, ufagio begani, katikati ya Kawangware. "Mathe, umekasirikia nani?" mwendesha boda mmoja akauliza. Nikamwambia asubiri hapo hapo nimwonyeshe.

Mbao ilikuwa mvule uliotoka kwenye kitanda cha zamani, mkavu, usiopinda tena. Kitako kilipokuwa tayari nilikiviringisha kwenye bitana ya pazia, nikaikunja na kuikunja mpaka umbo likapotea. Sikukibeba begani. Mtaani kwetu ukionekana na kitu chenye umbo lile, hakuna atakayesubiri kukuuliza ni cha nini. Nilikikumbatia njia nzima, na mama mmoja akanipisha akidhani nimebeba mtoto mgonjwa.

Huku nyuma nilikuwa na kazi nyingine, ya vitambaa. Risasi ya gobori haigusi mtutu, kitambaa ndicho kinachoshika ile mifereji, na baba alitaka kitambaa ambacho ni pamba tupu, kilichofumwa kwa kubanana. Toi imejaa mashuka ya mitumba, na kila muuzaji anaapa kwamba lake ni pamba. Mimi nachomoa uzi mmoja, nauwasha kwa kiberiti. Ukijikunja kuwa kitone kigumu, hiyo ni plastiki na ingeyeyukia ndani ya mtutu. Ukiwa majivu, hiyo ni pamba. Wauzaji walinikata jicho, mmoja akaniita mchawi. Nilileta nyumbani shuka, foronya, aproni ya jikoni na kipande cha kitambaa cha godoro la zamani chenye mistari ya buluu. Nikavikata miduara jioni mbele ya televisheni, baba akaipaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta ya kondoo. Nyumba ikanuka kondoo, mapazia ya wateja yakanuka kondoo, na mimi nilisema niliyoyasema.

Siku ya kwanza uwanjani, gobori lilikuwa limeunganishwa na kitako chake kipya, na kwa kweli lilipendeza. Baba akalenga kwa jicho la kushoto, akafyatua. Moshi ukampanda, na moshi ulipoondoka alikuwa ameshika pua, damu inachuruzika mpaka kwenye ndevu. Dole gumba lake mwenyewe lilikuwa limempiga. Kitako kilikuwa kifupi.

Akaishusha bunduki, akanitazama mimi, akaitazama mikono yangu.

"Nani alipimwa?"

"Mimi. Si wanasema mkono wetu ni mmoja?"

"Wanaosema wanaangalia vidole. Mabega nani aliangalia?" Akaniwekea bunduki tupu begani, nikaiinamia, na kilengeo kikaja chenyewe mbele ya jicho langu bila mimi kutafuta. Ilinikaa kama kiatu changu. "Unaona? Umejishonea wewe." Halafu akaanza kucheka, damu na yote, na mimi nikacheka mpaka nikakaa chini. Sikuwa nimemsikia akicheka vile tangu mazishi ya mama.

Tulirefusha kitako kwa akala. Kule Laini Saba kuna mzee anayekata akala kutoka kwenye matairi, akatukatia vipande vya soli bila kuuliza. Fundi wa klabu akavipigilia nyuma ya mvule, kimoja juu ya kingine, mpaka pua ya baba ikawa salama. Bunduki ikawa na kitako kizuri cha kitanda kilichovaa kiatu cha mchungaji. Wazee wenzake walimtania sana, wakamwuliza kama inapata pancha.

Akaendelea kuirekebisha. Kila alipofyatua alinituma nikaokote kitambaa kilichoanguka mbele. Kilichotoboka katikati kilikuwa chembamba mno, kilichochanika pembeni kilikuwa kimekatwa na mifereji. Mashuka yote yalifeli. Kipande cha godoro kilirudi kizima, kimekuwa cheusi tu, na risasi zikaanza kukaribiana. Kisha akasema kilengeo cha mbele ni chembamba. Fundi akamwekea cha shaba kinene zaidi. Baada ya muda akataka kinene kuliko hicho.

"Baba, hicho ni kilengeo au ni kifungo cha koti?"

"Mwanga wa kule ni mbaya," akasema.

Niliamini. Kila siku nilimwona ameinamia gazeti, anachambua mchele, kwa nini nisiamini?

Siku ya mtihani wazee walikuja wamevaa kama wanaenda harusini. Baba alinyoa, akavaa koti lake la kazini lililokatwa vifungo vya serikali. Mimi nilikaa nyuma yake na darubini. Risasi ya kwanza ikaingia katikati ya kadi.

"Wapi?" akauliza.

"Katikati."

Ya pili ikalitanua tundu lilelile. Msimamizi, mtu asiyejua kusifu, akakohoa. Baba akashindilia tena, akaweka fataki ya kuwashia baruti, akainamia kitako, na hapo ndipo mtu akatokea juu ya ukingo wa machimbo, nyuma ya kadi, upande wa kulia. Alikuwa mchunga mbuzi tu, amevaa sweta jekundu, anatembea kana kwamba dunia ni yake. Wazee wote wakapiga kelele kwa pamoja, "Simama! Simama!" Baba akainua kidole kutoka kwenye kifyatulio, akashusha mtutu chini kama alivyofundishwa.

"Kuna nini?" akasema, akigeuza kichwa huku na huku. "Mbona mnapiga kelele?"

Mzee wa jirani akamwambia kuna mtu. Yule mtu akapungiwa mkono, akaondoka na mbuzi wake, msimamizi akatoa ruhusa. Baba akamaliza risasi zake. Zote zilipita pale pale, tundu moja lenye kingo zilizochanika, na wazee wakampigia makofi, mmoja akambusu shavu. Nilikimbia kuichukua kadi. Nikamwekea mkononi, akaipapasa mpaka akaliona tundu kwa kidole, kidole kikapita upande wa pili.

"Hii ni moja."

"Ni zote, baba. Wallahi ni zote."

Msimamizi alikuwa ameshatoa kalamu. Baba akawa bado ana kidole ndani ya kadi.

"Yule mtu alikuwa wapi?"

"Juu ya ukingo," nikasema. "Kulia kidogo."

"Alivaa nini?"

Nilijua anapoelekea. Ningeweza kusema kijivu, au kahawia, rangi ya mawe, na angepata pa kujishikilia. "Sweta jekundu," nikasema.

"Jekundu." Akatoa kidole kwenye kadi. Kisha akamwambia msimamizi, kwa sauti ile aliyokuwa akiwaamrishia askari wadogo, "Jina langu usiliandike."

"Mzee, umepita! Hakuna aliyepiga hivi mwaka huu."

"Naona kitu cheupe na nakipiga katikati. Nyuma yake sioni. Askari aliyekuwa chini yangu akifyatua bila kuona kilicho nyuma, nilikuwa namnyang'anya bunduki siku hiyo hiyo."

Msimamizi akanitazama mimi, kama kwamba mimi ndiye ningeamua. Nililia pale pale mbele yao wote, na sikujificha. Nilikuwa na hasira na mchunga mbuzi, na hasira na baba kwa kunificha, na nilimpenda kiasi kwamba sikujua niweke wapi mikono. Yeye aliomba maji ya moto, maana baruti ikiachwa ndani inakula chuma, akaketi kwenye benchi na kuuosha ule mtutu mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Kila kitambaa alichokitoa alininyooshea, akaniuliza kama kimetakata.