Mama Kwenye Ncha ya Kamba

Ndugu yangu mdogo alikuwa na shingo nene kama nguzo ya simu, na nikisema hivyo naipendelea nguzo. Akikaa kwenye benchi, sisi wa upande wa pili tulikuwa tunainuka. Tulifanya kazi pamoja katika kiwanda cha mbao Nakuru, yeye akibeba magogo, mimi karani nikiandika magogo yaliyobebwa. Kiwanda kilikuwa na timu ya kuvuta kamba, na yeye ndiye alikuwa kisiki. Kisiki ni yule mtu wa mwisho, anayejizungushia kamba begani na kiunoni. Asipotoka yeye, timu nzima haitoki.

Lakini alikuwa anatoka, hiyo ndiyo ilikuwa taabu. Dakika ya kwanza angeweza kuzuia garimoshi la Kisumu. Kisha mawazo yanamwingia, anaanza kusikia kelele za watu, anakumbuka goti linauma, na kisigino kinateleza. Miaka miwili mfululizo watu wa kiwanda cha unga walituburuta kama magunia matupu. Wakitukuta sokoni walikuwa wanauliza, "Leo mmekuja na breki?"

Mwaka huo, katikati ya miaka ya hamsini, meneja wetu alisema mbele ya watu wote kwamba tukishinda, kisiki atapewa chumba cha pembeni katika nyumba za wafanyakazi, chumba chenye jiko lake. Mimi na ndugu yangu tulikuwa tunalala watu sita chumba kimoja, tumepangwa kama mbao zinazokaushwa. Mama yetu, mjane, alikuwa juu huko upande wa Kuresoi, akichuma pareto katika shamba la Mzungu, magoti yamevimba kwa baridi. Bila chumba hangeweza kuja kukaa nasi. Kwa hiyo ndugu yangu hakutaka sifa wala kikombe. Alitaka chumba cha pembeni.

Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya usiku, na cheti changu kilikuwa kinatembea nami kila mahali, hata msalani. Mwalimu wetu wa shule hiyo alikuwa amehudumia majeruhi katika vita vya Burma. Huko, dawa zilipokwisha, alimwona daktari akiwalaza askari kwa maneno tu, sauti moja, polepole, mpaka mtu anausahau mguu wake na kushika kitu kimoja tu akilini. Wasomi wanaita hipnosia. Mimi niliita usingizi wa maneno, na baada ya masomo manne nilijiona bingwa wa Afrika Mashariki nzima. Nilimtoa mpishi wa meneja woga wa kusema Kiingereza, akasema siku tatu bila kupumua, mpaka mke wa meneja akaniomba nimrudishie.

Mwalimu alinionya jambo moja. "Unachomwambia mtu aone, kiwe kitu alichokigusa kweli," alisema. "Na ukimlaza, usimfiche kitu. Amekupa akili yake yote uishike."

Nilijibu ndiyo mwalimu, huku nafikiria chai.

Kitu alichokigusa kweli sikukitafuta mbali. Alipokuwa na miaka kumi na minne tulikuwa tunavusha ng'ombe mtoni, mvua ikawa imenyesha juu, maji yakaja ghafla na kumchukua mama. Ndugu yangu alifungua kamba ya ng'ombe akaitupa. Mama akaishika. Naye akakaa chini kwenye matope, akachimbia visigino, akazuia, mpaka mama akatoka bila viatu, bila kitambaa, akicheka kwa hofu. Mimi nilikuwa ukingoni nikisaidia kwa kupiga kelele.

Basi kila mchana, wakati wa chakula, nilimkalisha nyuma ya rundo la mbao za mtarakwa. "Funga macho," nilimwambia. "Pumua. Kamba iko mikononi. Maji yana udongo, yanavuta. Mama yuko kwenye ncha ya kamba. Ukiachia, anakwenda." Niliona tumbo lake likitulia na miguu yake, yenyewe, ikitafuta matope kwenye vumbi la mbao. Siku ya tano niliwaita wanaume wanane wamvute. Walivuta mpaka mmoja akapasua suruali. Yeye alikuwa amekaa kama amepandwa hapo na babu yake. Nikamgusa bega, nikasema, "Ametoka," na hapo ndipo mikono yake ikafunguka. Hilo ndilo lilikuwa neno letu la kumwamsha.

Jumamosi ya mashindano, asubuhi, lori la viazi kutoka Kuresoi lilisimama langoni. Dereva alikuwa jirani ya mama.

"Karani, kaa chini," aliniambia.

"Nina haraka mzee, leo ni kamba."

"Kaa."

Nikakaa juu ya gunia. Mama alikuwa ameshikwa na kichomi Jumatatu. Alhamisi akafa. Ijumaa wakamzika, kwa sababu barabara ilikuwa inaharibika na shamba halikutaka kungoja. Mtu waliyemtuma kutuita alirudishwa kwenye kizuizi cha barabara kwa kukosa pasi. Ilikuwa ndiyo miaka ile ya Hali ya Hatari.

"Mdogo wako yuko wapi?" dereva aliuliza.

"Nitamwambia mimi."

"Sasa hivi?"

"Kamba ni saa nane."

"Haya," alisema. "Wewe ndiye umesoma."

Nilihesabu mambo kama karani. Mama ameshazikwa, saa tano au sita hazitamfufua. Chumba kitapotea. Mama alikuwa ameteseka akikitaka chumba hiki, nikajiambia, kumbe mwenye kukitaka alikuwa ndugu yangu, na mama aliyemtakia hakuwapo tena. Hilo sikulihesabu.

Saa nane kasoro nilipiga magoti nyuma yake uwanjani. Watu walikuwa wengi kuliko nzige. Alifunga macho kabla sijamwambia, maana alikuwa amenizoea. Nikaanza. Maji yana udongo. Kamba iko mikononi. Nilipofika mahali pa mama, nilidhani nitashindwa. Sikushindwa. "Mama yuko kwenye ncha," nilisema, "anakuangalia wewe tu. Usimwachie." Sauti yangu ilitoka laini kuliko siku zote. Hilo ndilo ambalo sijajisamehe.

Watu wa unga walivuta. Harambee yao ilisikika mpaka ziwani, ndege heroe wote wakaruka. Wenzetu waliteleza mmoja mmoja, mbele mpaka katikati, lakini mwisho wa kamba palikuwa na mtu aliyeketi mtoni, midomo imekauka, machozi yanamtoka chini ya kope zilizofungwa. Hakutoa hata inchi. Kisha akaanza kurudi nyuma, polepole, kisigino kwa kisigino, na watu kumi wa unga wakaja wakimfuata.

Nilimgusa bega. Nikalitoa neno letu.

"Ametoka."

Alifungua macho akicheka. "Umemwona?" alisema. "Ametoka. Safari hii hata viatu amebaki navyo."

Wakambeba juu. Meneja akampa ufunguo. Aliposhushwa alimwona dereva amesimama kando ya lori, akamwendea akiwa bado anahema.

"Mzee, Jumatatu unanipandisha Kuresoi nikamchukue mama. Akae mbele na wewe, nyuma kuna baridi."

Dereva alivua kofia. Alinitazama mimi, na ndugu yangu akageuka kunitazama pia. Nikamwambia hapo, kati ya watu waliokuwa wanaimba jina la kiwanda chetu.

Akauliza, "Ulijua lini?"

"Asubuhi."

"Kwa hiyo uliponiambia nisimwachie..."

"Nilijua."

Hakunipiga, ingawa ngumi yake moja ingenifikisha Naivasha. Alianza kutoa nyuzi za kamba zilizomchoma viganjani, uzi mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyepewa kazi hiyo aimalize kabla ya jioni.

Chumba tulihamia. Kitanda alichokuwa amekiagiza kwa fundi kwa ajili ya mama kilifika, akakiweka katikati, akakitandika. Hakuna aliyelala juu yake. Tulilala sakafuni, wanaume wawili wazima, mmoja kila upande, kitanda kitupu katikati yetu. Kamba hakuvuta tena, na meneja hakumlazimisha.

Jumapili moja mchana, miezi mingi baadaye, alikaa chini akanyoosha miguu.

"Nilaze," alisema.

"Wapi?"

"Mtoni."

Sikutaka. Lakini ningemnyima vipi? Nikaanza, neno kwa neno, kama mwanafunzi. Maji. Udongo. Kamba. Visigino vyake vikatafuta matope kwenye saruji. Mikono ikajifumba.

"Kaka," alisema baada ya muda, macho yamefungwa.

"Naam."

"Kamba ni nyepesi."

Neno nililokuwa nalo la kumwamsha lilikuwa moja tu, na sikuweza kulisema. Akaendelea kuvuta peke yake, mikono mitupu, mkono mbele ya mkono, polepole, mpaka ikafika ncha. Aliikunja vizuri kamba ile isiyokuwapo, kama inavyokunjwa kamba ya ng'ombe, akaiweka chini ya kitanda cha mama. Kisha akafungua macho mwenyewe.